Aje Mwenyewe

Shoga, uko hewani? Leo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unalijua dirisha langu la fidia za wafanyakazi? Kutwa wimbo wangu ni uleule: aliyeumia aje mwenyewe, hatupokei mtu wa kutumwa. Nausema hata usingizini.

Basi kaja mama mmoja mtu mzima, kashika bahasha. Ananiambia, "Mwanangu, nimekuja kufuatilia fidia ya kijana wangu, fundi rangi. Alianguka kazini." Mimi hata kichwa sijainua, macho kwenye kompyuta. Nikamjibu, "Mwambie aje mwenyewe."

Hakusogea. Nikaona ananichelewesha tu, foleni imefika mlangoni.

Nikapandisha sauti, shoga. Mimi! Nikampandishia sauti mama wa watu: "Kama hawezi kutembea mbebeni, lakini LAZIMA AJE MWENYEWE!"

Foleni nzima ikasikia.

Akasukuma ile bahasha chini ya kioo. Nafungua, cheti cha kifo. Akasema taratibu, "Ningemleta, mwanangu. Hata mgongoni ningemleta."

Mbebeni! Nimemwambia mbebeni!

Nikaangua kilio palepale dirishani. Yaani aliyefiwa ni yeye, ninayelia ni mimi, na watu wote wananitazama. Akapenyeza mkono chini ya kioo, akanishika vidole.

Unajua kaniambia nini?

"Nyamaza, mama. Ni mazoea tu. Hata mimi leo asubuhi nimemmiminia chai."