Mtani Alipoondoka na Kopo Langu la Sinema

Mnaoingia hapa kusoma habari za kanda na diski zangu hamchoki kuniuliza: ugonjwa huu wa sinema ulikuanza lini? Leo sina maneno mapya. Nanakili ukurasa wa daftari langu la zamani, la miaka ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa msichana nafundisha kisomo cha watu wazima kule Misima, Handeni. Sijagusa neno.

Jumapili. Mvua imekatika asubuhi, matope yamebaki. Nimechoka mpaka kwenye kucha, lakini moyo wangu mweupe.

Kopo limerudi.

Nalitazama hapa mezani. Ni kopo la maziwa ya unga, limebonyea ubavuni. Lilipotoka hapa halikuwa limebonyea, na aliyelibonyeza namjua. Ndani mna vipande thelathini na saba vya filamu. Vilikuwa thelathini na nane.

Gari la sinema la serikali likija kijijini, wenzangu hugombania kukaa mbele ya shuka. Mimi hukaa nyuma, karibu na mashine. Mkanda ukikatika watu wanazomea, mimi namshukuru Mungu, maana fundi anakata zile ncha zilizochanika kabla hajaunga, na anachokata kinadondoka chini. Kikishadondoka ni changu. Nimeokota hivyo miaka minne. Nina trekta linageuka shambani. Nina mama anacheka na mwanawe kliniki. Nina jamaa anaruka kutoka juu ya farasi na mpaka leo hajatua. Vingi ni vya choo bora na kupanda pamba kwa mistari, najua, anayetaka kucheka acheke. Ukikiinua kipande kwenye mwanga unawaona watu wadogo kama punje za mtama, wazima kabisa, na mimi hapo sioni takataka hata kidogo.

Sasa niandike aibu yangu.

Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea, alifariki Jumatatu. Tulimzika Jumanne. Watani wakaja kama inavyopasa. Sisi Wazigua tuna utani na Wanyamwezi, na mkubwa wao upande huu ni Mzee Maganga, mkata mkonge anayekaa Kwamndolwa, Korogwe. Hakuna msiba wetu anaoukosa. Hata hajapewa maji ya kunywa, alikwisha kujifunga kanga ya Bibi kichwani, anachechemea kama Bibi, anafoka kwa sauti ya Bibi kwamba wali haujaiva. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani: anafanya fujo msibani, anabeba kitu cha wafiwa, nao wanakikomboa kwa kuku au chochote walicho nacho. Hakuna kukasirika. Mtoto mdogo analijua hilo.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, kopo mapajani, macho makavu. Tangu Jumatatu sikuwa nimetoa hata chozi moja, na shangazi zangu walishaanza kuninong'ona. Mzee Maganga akaja, akanipokonya kopo, akalitikisa sikioni.

"Ahaa! Kumbe bikizee ameacha mali! Hii naondoka nayo."

Nikasimama nikamtukana.

Si matusi ya utani. Matusi yenyewe. Nikamwita mwizi, nikamwambia arudi kwao Tabora, nikamkamata shati mpaka kifungo kikang'oka. Baba akainamisha kichwa. Mzee Maganga akaokota kifungo chake, akalitia kopo kwapani, akaenda zake, na katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumwona mzee yule hana mzaha usoni.

Baba aliniambia mara moja tu, polepole, na ingekuwa afadhali angenichapa: "Umevunja utani kwenye msiba wa mama yangu. Nenda ukalikomboe mwenyewe, na mtani wetu umrudishe."

Siku nne chakula hakipiti. Tena niseme ukweli, maana daftari hili halina wa kunisuta: Mzee Maganga sikumuwaza sana. Niliwaza kopo. Amelitupa mtoni. Amewapa watoto wachezee. Amewashia moto wa uji. Nilijiona mtu mbaya, bibi yake kaburini na yeye analilia vipande vya filamu. Na hata huko kulilia ni kusema tu, kwa sababu machozi yalikuwa hayaji.

Leo alfajiri nimedandia lori la mahindi, jogoo mwekundu kwapani. Tulipovuka daraja la Mto Pangani nikachungulia maji, eti nitaliona kopo linaelea. Ujinga mtupu!

Nimemkuta Mzee Maganga nje ya nyumba yake, anashona kifungo. Kile kile. Nikapiga magoti kwenye matope.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekosa."

Hakuitikia. Jogoo akampokea, akampima uzito, akampa mkewe. "Huyu ni wa shati," akasema. "Kopo bado."

Akaingia ndani, akatoka nalo. Nikafungua. Vyote vimo! Tena vimefutwa vumbi. Nilitaka kumkumbatia, adabu ikanizuia.

Mzee akachomoa kimoja, akakiinua juani, jicho moja amelifumba. "Siku nne nakitazama hiki. Huyu wa farasi, anaanguka au haanguki? Mama watoto hapa hanipi raha. Tusimulie vyote, ndiyo ukombozi wako."

Basi nikakaa mkekani, nikaanza. Nainua kipande, nasimulia kilichokuwa kabla yake na kilichofuata, na nilipokuwa nimesahau nikatunga. Mkewe akasogea, kachuchumaa kabisa, uso umemwiva kwa hamu. Nikafika kwa yule mama wa kliniki, nikawa natafuta maneno.

"Halafu?" akasema mkewe.

Hapo nikashindwa. Bibi miguu ilikuwa haimfikishi uwanjani. Kila gari la sinema likiondoka, asubuhi yake nilikaa naye mlangoni penye mwanga, namwinulia vipande, namsimulia, na yeye neno lake lilikuwa hilo moja tu. Halafu? Bibi hakuwahi kuona sinema hata moja maishani mwake, na zote alizijua.

Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, nyumbani kwa watu, kamasi na kila kitu, mpaka mke wa mzee akanikumbatia kichwa changu kwenye magoti yake. Sikuona haya. Kadiri nilivyolia ndivyo kifua kilivyofunguka.

Nilipotulia, Mzee Maganga akakata uzi kwa meno.

"Marahaba, mtani. Nilichukua kopo ili ulie. Wewe ukaona bora unichanie shati."

Nikacheka na makamasi yangu. Naye akacheka, tena akarudia kunicheka, na nikajua mambo yamekwisha. Nitakapomwambia Baba kesho asubuhi, najua atainua kichwa.

Cha farasi kakibakiza, mshenzi mkubwa. Kakitia mfukoni hivi hivi nikimwona. Damu ikanichemka, nikakumbuka, nikajizuia. Ni haki yake.

Kaja kunisindikiza mpaka barabarani. Lori lilipokuwa linakaribia akaniambia, sasa bila mzaha, kwamba yeye hana ndugu huku, na siku akifa anataka niende nikamharibie msiba wake vizuri, nibebe kitu, nisimwonee huruma mtu.

Nimemwahidi. Mungu ampe miaka mingi mzee wa watu, lakini ile redio iliyo dirishani kwake nimeshaichagua.