Sala Uliyoikataa

Koto Sarik,
Sumatra Magharibi.
14 Machi 2004.

Mpendwa mdogo wangu Nasril,

Assalamu alaikum. Natumaini hujambo, na shemeji yangu Desma hajambo, na watoto wanasoma vizuri. Natumaini mgahawa una wateja, na yale maumivu ya kiuno uliyoyalalamikia wakati wa Idi yamepoa. Mimi ni mzima. Dada yetu Rosniar ni mzima wa kusimama, wa kula si sana. Mvua huku haijakatika, magome ya mdalasini yameota ukungu kwa kukosa jua, na yule paka uliyemwacha bado yu hai na bado ni mwizi.

Nimekusalimu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa nikwambie kwa nini naandika. Nikikupigia simu unakata. Barua huwezi kuikata katikati, ingawa kuichana unaweza. Tafadhali isome kwanza, halafu uichane.

Najua Irvan yuko kwako.

Najua amekuwa kwako tangu juma lile lile gari lilipotumbukia mtoni, anaosha sahani jikoni na kulala chumba cha juu na vijana wako wa kazi. Mpwa wetu, mwanachuo wetu, ambaye nusu ya kijiji imekuwa ikimtafuta majini, yuko Jakarta anakula wali wa moto. Alhamdulillahi yu hai. Hilo nalisema kwa moyo wote, usije ukadai kaka yako hakufurahi. Nilifurahi mpaka nikasujudu hapo hapo. Kisha furaha ikatulia, nikabaki na wewe.

Kwa kuwa hukuwepo, ngoja nikusimulie ulichokikosa.

Gari, kama ujuavyo, lilikuwa la Marlius seremala. Alimpa mwanawe Yondri ili yeye na Irvan warudi chuoni Padang baada ya likizo, maana vijana wale walikuwa hawaachani tangu darasa la kwanza. Kwenye kona ya juu ya daraja liliacha njia, likabingirika hadi mtoni. Yondri alikutwa jioni ile ile juu ya mawe, amekwisha kufa. Irvan hakuonekana. Gari lilikuwa limelala kichwa chini, milango wazi, na mto umejaa mpaka unanguruma. Kila mtu alisema Yondri ndiye aliyekuwa akiendesha. Gari la baba yake, angeendesha nani mwingine? Hata polisi waliandika hivyo.

Marlius alimzika mwanawe asubuhi, na mchana akaja kwetu na kamba begani. Nilimwambia arudi nyumbani akapokee wageni wa msiba.

"Wangu nimeshampata, Datuk," akaniambia. "Nitakaaje mkekani na wenu bado yuko majini? Na aliyemtia humo ni mwanangu."

Toka siku hiyo hajakosa kuja. Anaingia mtoni na kamba kiunoni, anapapasa chini ya kila jiwe kwa mti wa mwanzi, na anatoka akiwa wa mwisho. Wewe humjui sana Marlius. Ni mtu ambaye hata meza akikuchongea anakuomba radhi kwamba imechelewa.

Jumapili ya kwanza wawindaji wa nguruwe mwitu waliahirisha uwindaji wao, wakaleta mbwa wote. Unawajua watu wale, mtu yuko tayari kumnyima mkewe nyama ampe mbwa. Tukawanusisha shati la Irvan. Hakuna mbwa hata mmoja aliyeteremka mtoni. Walipanda mlima, wakavuka mashamba ya pilipili, wakafika barabarani, na hapo wakawa wanazunguka tu, wamekwama.

"Hawa hawajui kitu ila nguruwe," alisema mwenye mbwa, aibu imemshika.

"Umewalisha nguruwe maisha yao yote," mwenzake akamtania, "leo unataka wamjue mwanachuo?"

Tulicheka, Nasril. Ndiyo siku pekee tuliyocheka. Kisha tukawaburuta mbwa kuwarudisha majini, na mmoja aliyegoma nilimchapa mimi kwa mkono wangu. Sasa najua kwamba mpwa wetu alipanda mlima ule, akafika barabarani pale pale, akasimamisha lori la mboga. Nimemtafuta yule mbwa nimpe japo kichwa cha samaki, lakini mwenyewe bado amenuna.

Dada yako alikuwa akifunga wali kwenye majani ya mgomba, fungu la kila mtafutaji, halafu anakwenda kusimama darajani kuita jina la mwanawe mpaka sauti inamkauka. Kiatu kimoja kilipatikana kwenye matope. Alikiosha, akakianika karibu na jiko, akawa anakigeuza upande huu na huu kama samaki ili kisiungue. Usomapo hapa usiruke mstari.

Kwetu mtoto akipotea haulizwi baba yake, tunaulizwa wajomba. Mimi niliyepewa cheo cha Datuk, mkuu wa ukoo, na wewe uliyesimama nyuma yangu siku ile ukiwa umevaa koti la kuazima. Watu waliuliza uko wapi. Wewe uliyewahi kupanda basi siku mbili kuja kwenye tohara ya mtoto wa jirani! Nikawaambia unaumwa kiuno, huwezi kukaa safarini. Nilikutetea mbele ya wazee wa ukoo na uso mkavu, na nilikuwa naamini ninachokisema.

Halafu ikaja habari ya sala. Imamu alituita, akasema muda umepita, haifai kumwacha marehemu bila kusaliwa, tumsalie sala ya maiti asiyekuwepo. Nilikubali. Ilibaki idhini yako. Tukaenda kibanda cha simu mimi na Rosniar, tukabana masikio yetu mawili kwenye mkono mmoja wa simu, nikakueleza.

"Msimsalie," ukasema. "Kaka, nakuomba kwa jina la mama yetu, msimsalie sala hiyo. Ngojeni kwanza."

Sauti ilikuwa inakutetemeka. Rosniar aliibusu ile simu. Akasema moyo wako una imani kutushinda sisi tulio hapa, akakuombea dua mbele ya watu, na mchana ule ule akarudi darajani mvua ikimnyeshea.

Mimi nilibaki kwenye benchi la kibanda. Nimekulea, Nasril. Ulipokuwa mdogo uliweza kumdanganya mama kuhusu kila kitu duniani, lakini ukiambiwa uape msikitini unaanza kulia. Kumdanganya dada yako uliweza. Kunidanganya mimi uliweza. Lakini watu wasimame safu kumsalia maiti mtu aliye jikoni kwako, hapo ukamwogopa Mungu. Sisi hukutuogopa wala hukutuonea haya.

Nikampigia Yusmaini jirani yetu, yule anayeuza mitandio huko Jakarta, nikamwomba aende kwako kula. Hakuniuliza sababu, aliuliza tu kama ni bure. Aliporudi akanipigia. Alikuwa amekaa meza ya pembeni, mara akamwona Irvan anatoka jikoni amepanga sahani mkononi mpaka begani kama mlivyomfundisha. Walipotazamana, sahani zikaanza kucheza ngoma. Yusmaini akamfuata uani.

"Mama Yus, usimwambie mtu," mtoto akamwambia.

"Nisimwambie mtu nini? Kwamba wewe si maiti?"

Hapo akalia, akamweleza yote. Kwamba Yondri alishikwa na usingizi, akampisha usukani. Kwamba yeye, Irvan, ndiye aliyekuwa akiendesha. Kwamba alimvuta mwenzake mpaka juu ya mawe, akamwita, akaona hapumui, akakimbia. Na kwamba tangu afike kwako anataka kurudi, lakini mjomba anamwambia asubiri watu wachoke kutafuta.

Watu wachoke. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi nikijaribu kuyasikia kwa sauti yako, na balaa ni kwamba nayasikia vizuri kabisa.

Najua utasema ulimfanyia huruma. Alifika ameloa maji na hofu, ukafikiria polisi, ukafikiria jela, ukamfungia mlango. Siku ya kwanza ningekusamehe, hata ya pili. Lakini ulikuwa unapokea simu zangu, unaniuliza maji ya mto yamepungua kiasi gani, na yeye yuko nyuma yako anapangusa meza. Ulinichezea shere, mimi ndugu yako wa tumbo moja. Sijawahi kuwa na hasira na mtu yeyote kama niliyo nayo na wewe.

Laiti ingekuwa wewe peke yako. Juzi nilimwambia Rosniar. Nilifunga mlango wa jiko kwanza, maana nilijua atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa chini sakafuni, akaibusu mikono yangu yote miwili, akalia kilio ambacho nilikuwa nimekingoja na mimi. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Nani mwingine anajua?"

"Yusmaini tu."

"Basi iishie hapo. Yondri ameshakufa, Kaka. Hakuna jambo litakalomdhuru tena. Wangu ana miaka ishirini."

"Na Marlius?"

"Marlius atachoka."

Nilitoka nje nikaenda kukaa na magome yangu yaliyooza.

Leo asubuhi Marlius amekuja kama kawaida. Ana homa, na miguu imemvimba kwa kukaa majini. Rosniar alikuwa mlangoni na fungu lake la wali, mtandio amejiziba usoni, analia. Analia, Nasril, na anajua. Yule mzee akamshika bega akamwambia, "Dada, usijali, nitakuletea mwanao." Halafu akanigeukia mimi, akaufumbata mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Datuk, nisamehee mwanangu," akasema. "Kosa ni langu. Gari nilimpa kabla hajakomaa."

Nilimtazama Rosniar. Rosniar aliutazama ule wali.

Nikasema, "Nimemsamehe."

Ndiyo, nimesema hivyo kwa kinywa changu. Nimemsamehe kijana ambaye hakukosa kitu, mbele ya baba yake, na baba yake akanishukuru. Baada ya hapo sikuweza kusimama pale. Nikashika ncha ya pili ya kamba, tukateremka wote, nikaingia mtoni mpaka kifuani, na tumepapasa mawe mpaka adhuhuri.

Naandika haya kwenye kibanda cha kahawa kando ya barabara, nguo bado zinanichuruzika na mwenye kibanda ananitazama vibaya kwa sababu ya benchi lake. Dereva wa basi la Jakarta anamaliza kula, nitampa barua hii akuletee mkononi. Yeye akiondoka, nakwenda nyumbani kwa Marlius kumwambia kila kitu: nani alikuwa anaendesha, yuko wapi, nani alimficha, na kwamba asubuhi nilipomjibu nilikuwa najua. Sikuombi ruhusa. Rosniar hataongea nami tena, na huenda wazee wakanivua cheo. Wakitaka na kofia waichukue.

Marlius atakuja kwako, namjua sasa kuliko ninavyokujua wewe. Akifika usimpitishe mlango wa nyuma, wala usianze kumwekea masahani ya nyama. Mpe kiti. Umwite Irvan aketi mbele yake, aseme mwenyewe, na wewe usimsaidie neno. Yatakayofuata ya polisi tutasimama naye mimi na wewe, ndiyo kazi ya wajomba. Lakini jina la Yondri lirudishwe kwanza, maana amelala kaburini na kosa la mtoto wetu.

Msalimu shemeji Desma. Kama alikuwa anajua, nitazungumza naye kwa siku yake. Kama hakuambiwa, namwonea huruma. Wabusu watoto, uwaambie baba mkubwa wa Koto Sarik amewawekea mdalasini mzuri wa chini ya dari. Mungu awape afya, awape riziki ya halali, na akupe wewe ujasiri ambao mama alidhani anao kila mtoto wake.

Na msalimu Irvan. Mwambie mjomba wake anampenda, na leo asubuhi aliingia mtoni kumtafuta.

Ndimi kaka yako, nikupendaye hata leo ambapo ningependa nisikupende,

Bachtiar