Usiyang'oe Maharage ya Kwenye Kahawa

Kimisagara, Kigali

Mwanangu Mwajuma,

Asalaam alaykum. Kwanza wewe mwenyewe, mgongo umepoa? Namsalimu bibi yako, mama mkwe wangu, na kile kifua kinachomsumbua mvua ikinyesha. Namsalimu mdogo wako Idi, aache kupanda paa. Namsalimu Saada, mwambie kanga yake nimeipata, ya kijani, bado tu sijamaliza kuilipia. Na baba yenu mdogo Selemani namsalimu, ingawa leo moyo wangu kwake umejikunja, utaona kwa nini. Mimi mzima. Chapati zinatoka, mafundi wa gereji wanakula, wengine wanasahau kulipa.

Mwanangu, juzi nilimpa dereva wa taksi inayokuja huko ujumbe wa mdomo, akwambie ung'oe maharage yote yaliyo katikati ya kahawa. Kama hajafika, alhamdulillahi, akifika usimsikilize. Ngoja nikueleze, ingawa hata mimi sielewi vizuri.

Redio ya gereji ilisema serikali inatoa msaada kwa wenye kahawa. Nikamuuliza fundi mmoja, akasema, "Mama, ule ni wa wenye shamba safi. Moniteri wa kilimo akikuta maharage ndani ya kahawa, anageuza baiskeli, hupati kitu." Mwenzake akamcheka: "Wewe kahawa unaijulia kwenye kikombe!" Huyo wa pili akasema msaada ni wa walioing'oa kahawa yenyewe. Lakini kung'oa kahawa si wanafunga watu? Kichwa kikanizunguka. Nikashika la kwanza, nikamtuma dereva.

Jana hapa sokoni nikakutana na jirani yetu Mama Zaina, kaleta ndizi.

"Bado unauliza?" akaniambia. "Msaada umeshatolewa pale ofisi ya komine. Wa kwenu kapokea Selemani."

"Selemani hana hata mti mmoja!"

"Dada, kahawa yenu imeandikwa jina la marehemu mumeo. Marehemu hapangi foleni. Wakamwita ndugu yake."

"Na mimi?"

"Wewe mjane. Mjane analima."

Sasa nieleweshe, mwanangu, wewe uliyesoma kunizidi. Miti ilipokauka mwaka ule, moniteri alimfokea nani? Mimi. Kutandaza nyasi chini ya kahawa naitwa mimi, hata nikiwa na homa. Kuing'oa nimekatazwa mimi. Imefika siku ya kupokea, kumbe mwenye kahawa ni mtu mwingine. Labda iko sheria nisiyoijua. Labda Selemani amewawekea ninyi, hajasema tu. Nataka kukasirika, sijui nimkasirikie nani. Wewe usimwendee kwa ukali, bibi yako ndiye mama yake, na mnakula sahani moja. Muulize taratibu, bibi akiwa amekaa hapo: "Baba mdogo, ile ya kahawa imekwendaje?" Kisha nyamaza, umwache aseme.

Lakini maharage, Mwajuma! Hayo ndiyo yananinyima usingizi. Msaada umeshapita, shamba liwe safi lisiwe safi. Na maharage hata hayajajaza maganda, na ghalani sijaacha kitu cha kuwafikisha mbali. Usiyang'oe. Moniteri akifoka mwambie ni amri ya mama, amtafute Kimisagara, nitajibu mwenyewe.

Nisalimie mwalimu wa madrasa, na shangazi yako msusi wa mikeka, na yule mzee anayetuchungia mbuzi, mwambie sijamsahau.

Barua hii anakuletea Mama Zaina, na juma lijalo anarudi huku na ndizi. Asiondoke mikono mitupu, mpe jibu, hata la mstari mmoja. Kama dereva alinitangulia na umeshayang'oa, usinifiche na usilie, ulimtii mama yako. Niambie upesi tu, nianze kuwatafutia unga.

Mimi mama yako anayekuwaza,
Amina