Kifaransa Nilichoiambia Sakafu

Mjukuu wangu Kokugonza,

Sisi hapa Kashozi tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, na kahawa imeanza kuiva. Barua yako kutoka Muleba imeninyima utulivu. Unauliza kama uache Kifaransa, kwa kuwa unauogopa mtihani wa mazungumzo.

Nilipoitwa kwenye mtihani kama huo, nilimwona mtahini ana mvi, nikapiga magoti kama tunavyowasalimu wakubwa nyumbani. Kila swali nililijibu sawasawa, lakini kwa kunong'ona, macho chini.

"Binti, unaongea na mimi au na sakafu?" aliniuliza kwa Kiswahili. "Simama, unitazame."

Nilisimama. Nilipomtazama, maneno yote yakatoweka. Juma lile lile niliacha somo, nikajiambia kwamba lugha ile haiwafai watu wenye adabu. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa tu.

Hadi leo, wageni Wafaransa wakija kulitazama kanisa letu, mimi huingia jikoni na kufunga mlango, ingawa karibu kila wasemalo nalielewa.

Tafadhali, usimwambie mwalimu lolote kabla hujanijibu.

Bibi yako, mwenye wasiwasi