Mashini ya Habiba imerudi, na jina lake?

Mama Ngosa muheshimiwa, nakuandikia na roho nyepesi, lakini kuko swali moja inanishinda, nisaidie.

Mi iko mama wa kwaya mu kanisa yetu hapa Katuba, bwana yangu Kapya anatumika ku kiwanda ya shaba, na kapita wake, musimamizi wake kule kazi, ni Muzee Kasonde, ule ule njo mukubwa wa bazee ya kanisa yetu. Mbele ya Pasaka tulinunua bitenge ya kushonesha kwaya, Mama Delphine, muke wa Muzee Kasonde, akabiweka kwake, kisha akabipeleka kwa Habiba, jirani yangu, mujane wa Kiislamu, bazazi bake balitoka Maniema, anashona muzuri kupita bote ba njia yetu. Nguo zikapunguka, baimbaji babili bakakosa, na Mama Delphine akasema Habiba amekata kitambaa akakificha. Hakuna muntu aliyemuuliza Habiba. Siku ya Mungu, mu ibada, Muzee Kasonde akatangaza mbele ya kanisa yote, muntu asimupelekee tena kazi, na bazee bakakamata mashini yake ya kushona, bakaifungia mu chumba ya kanisa mpaka alipe kitambaa.

Mama, ile mashini njo ilikuwa inalisha batoto bake. Mi nilikuwa namupelekea unga, anapokea, anashukuru, narudi nyumbani najiona muntu muzuri.

Kisha Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya bote ya kusafisha mutaa, tulipomaliza kufyeka majani kando ya njia, Mama Delphine akatuita kwake tunywe maji, nikaingia mu nyumba kutafuta kopo, nikaona ku kitanda ya binti yake mito imevikwa kitambaa ya kwaya yetu. Akanikuta nimesimama pale. Akasema polepole, "Numbi, bwana yako anatumika chini ya bwana yangu. Wewe hukuona kitu."

Nikamueleza Kapya tukiwa ku meza, akaacha kula, akasema, "Kama kazi yangu inasimama juu ya mashini ya mujane, twende tuseme."

"Na bakikufukuza?"

"Twende kwanza."

Tukaenda kwake. Muzee Kasonde alitusikiliza mpaka mwisho, akamuita muke wake, akamuuliza mara moja tu, na Mama Delphine akaanza kulia. Nikangojea muzee atukasirikie. Kumbe hakujua kitu. Akaenda kufungua ile chumba, akaweka mashini ku bega yake mwenyewe, akaipeleka kwa Habiba, akamwambia, "Mama, tulikukosea. Unisamehe." Kapya anaendelea na kazi yake, kapita anamusalimia muzuri, na mi, Mama Ngosa, tangu ile siku chakula inapita tena mu koo.

Lakini kisha Muzee Kasonde akaniambia, "Mama Numbi, nakuomba, ile mambo isifike mu kanisa. Muke wangu atakufa na haya." Nikamuonea huruma, nikanyamaza. Sasa bantu banasema Habiba amelipa kitambaa, njo maana alirudishiwa mashini, na hakuna anayemupelekea kazi. Juzi nikamupelekea robe, nguo ya mutoto wangu, aishone, akakanyaga mashini kidogo, akasimamisha, akaniuliza, "Jina langu, mutanirudishia lini?"

Nikamuachia robe, nikarudi nyumbani. Tumekwisha kupata amani, je, niifungue tena ile mambo, ao ninyamaze?

Numbi, Katuba

*

Mama Numbi,

Kwanza pumua. Wewe na mume wako mlikwenda kusema kweli kwa mtu ambaye angeweza kuwanyima mkate, na mlirudi salama. Furahini, wala msione haya kufurahi.

Sasa nikugombeze. Ule unga ulikuwa mzuri, watoto walikula. Lakini katika siku zote ulizompelekea unga, hukumuuliza hata mara moja, "Dada, kitambaa ulikikata kweli?" Umekaa naye ua kwa ua, ukamwamini aliyesema kwanza. Na wazee wenu ni vilevile. Torati inakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, maana ni kuchukua uhai wake. Wanaisoma, kisha wanafungia mashini ya mjane katika chumba cha kanisa.

Muzee Kasonde namheshimu. Si wakubwa wengi wangebeba mashini begani. Lakini alimshtaki Habiba mbele ya kanisa, na msamaha akauombea mlangoni pa Habiba. Waliosikia lile tangazo hawakuwa mlangoni.

Huruma yako kwa Delphine usiitupe. Usisimame wewe kanisani kumtaja, maana watu watamla mzima, na Habiba hatapata faida. Nendeni wewe na Kapya kwa Muzee Kasonde, mchana, mkamwambie neno la Habiba kama alivyolisema. Yeye ndiye aliyetangaza, basi yeye atangaze: Habiba hakukata kitambaa, hakulipa kitu, tulimhukumu bila kumsikiliza. Inatosha. Delphine akipata nguvu ya kusimama mwenyewe, kaa karibu naye. Muzee akikataa, peleka neno kwa mchungaji, na umwambie Muzee wazi kwamba unalipeleka.

Habiba mwalikeni, lakini msimlazimishe kuingia katika kanisa lisilo lake. Asipokuja, wazee waende kwake baada ya ibada wamweleze kilichosemwa. Delphine anunue kitambaa cha wale waimbaji wawili, Habiba akishone, na kwaya imlipe kazi yake kama fundi yeyote.

Unaogopa kazi ya Kapya? Mtu aliyepita njiani na ile mashini hatamfukuza mumeo kwa kweli ileile. Akinuna siku chache, mtavumilia, Habiba amevumilia zaidi.

Nendeni kabla ya siku ya Mungu inayokuja. Anza kwa kumshukuru Muzee Kasonde, na usitoke kwake mpaka amekuambia siku atakayosema.

Mama Ngosa