Shokapu za Katsumi

Alhamisi, 5 Oktoba 2023

Mama mkwe amegoma. Ana chuma kipya kwenye nyonga, daktari anataka aende mazoezini kila Alhamisi, na gari tunalo moja tu—la mume wangu Katsumi, la mbio, limeshushwa mpaka tumbo linakaribia lami. Leo tumempeleka mara ya kwanza. Kila tulipokanyaga mfuniko wa mtaro alifumba macho. Hakusema kitu mpaka alipovua viatu mlangoni: afadhali awe kilema nyumbani kuliko mzima ndani ya lile gari.

Katsumi akamweleza mama yake kwamba ugumu ndio usalama. Gari lisilompa dereva habari za barabara ni kitanda tu. Barabara ina habari gani za kumpa mwanamke wa miaka themanini na moja?

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimemwambia mume wangu azilegeze kidogo tu shokapu, zile zinazomeza mirusho ya magurudumu, kwa ajili ya mama. Akaweka bakuli la supu chini.

"Siku nikililainisha gari lile, mjue mmeshanizika."

Hakupaza sauti. Tangu Aprili kiwandani wamemtoa kwenye majaribio ya magari, kazi ya miaka thelathini, wakamkalisha mezani apange likizo za vijana. Cheo kipya ni kirefu kuliko kazi yenyewe. Kitu kigumu kilichombakia maishani ni shokapu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Kwa Isogai, fundi aliyezifunga. Nilisema nauliza tu. Hakuamini, lakini alinionyesha kwenye gari la mteja mwingine. Juu ya kila shokapu kuna kitufe cha kuzungusha, kama kizibo cha chupa ya mchuzi wa soya. Za mbele unafungua boneti, za nyuma unanyanyua zulia la buti. Kushoto inalegea, kulia inakaza. Kila hatua inalia tik. Hatua ishirini, na za Katsumi zote zimekazwa mpaka mwisho.

Akanionya nisilegeze kwa pupa, gari litayumba na mwenyewe atashtuka. Na magurudumu yote manne sawasawa.

Jumapili, 8 Oktoba

Katsumi bafuni, dakika arobaini kama kawaida yake. Tik mbili kila gurudumu. Siku ya harusi sikutetemeka hivi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mama amekubali kujaribu mara moja tu, kwa kunihurumia mimi. Safari hii alifumba jicho moja. Katsumi anasema ni matairi, yakipata joto huwa hivyo. Nimekubali kwamba ni matairi.

Jumapili, 15 Oktoba

Tik tatu.

Alhamisi, 26 Oktoba

Jumapili iliyopita nilifikisha nane. Leo mama amelala njia nzima ya kurudi! Mdomo wazi. Katsumi alimwangalia kwenye kioo, kisha akaniambia kwa sauti ya mwalimu kwamba mwili wa binadamu huzoea. Alijua tangu mwanzo kwamba mama atauzoea ugumu. Nikasema mwili ni kitu cha ajabu kweli.

Baadaye jikoni, namenya figili, mama akauliza kwa nini vidole vyangu vinanuka grisi. Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika nyonga. Kisha akasema niongeze.

Sikuongeza. Naogopa. Hata hivyo leo, kwenye reli, gari lilipita laini kuliko nilivyotarajia. Labda ni matairi.

Jumamosi, 4 Novemba

Balaa. Kesho kilabu cha magari cha Katsumi kinakutana mlimani Akagi. Kuroiwa, rafiki yake na mpinzani wake tangu ujana, amepiga simu: kesho ataliendesha gari la Katsumi mwenyewe, aone kama bado ni jiwe. Atajua kabla ya kona ya kwanza. Atacheka mbele ya watu wote, na mume wangu atakuwa hana hata hili.

Basi alipoingia bafuni nikaenda kukaza. Nililegeza nane, nakaza nane, tumefika mwisho. Nikakaza nane. Kitufe kikaendelea kuzunguka. Tisa. Kumi. Kiligota kwenye kumi na nne.

Gurudumu la pili, kumi na nne. La tatu. La nne.

Mama hawezi kuinama. Isogai hajaliona gari tangu kiangazi. Na mimi siwezi kukosea hesabu mara nne.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bafuni maji yalikuwa yanamwagika na Katsumi anaimba. Nane zangu, sita zake. Kila Alhamisi ananihubiria ugumu!

Kisha nikazilegeza tena zote, kumi na nne kumi na nne, nikafunga boneti taratibu.

Jumapili, 5 Novemba

Naandika ndani ya gari, kwenye maegesho ya mlimani. Mama yuko nyuma na blanketi lake, anamenya chenza. Alisisitiza kuja kuona majani ya miti yanavyogeuka mekundu.

Kwenye daraja, pale kwenye maungio ya chuma yaliyokuwa yakitugonganisha meno, tulipita kama juu ya mkeka. Katsumi akanitupia jicho. Nikatazama milima.

Sasa wamesimama nje, wanaume kama kumi, wote na mvi. Kuroiwa amenyoosha kiganja, anataka funguo. "Lete, bwana, tulionje hilo jiwe."

Katsumi hazitoi. Amegeuka, ananiangalia kupitia kioo cha mbele. Masikio yamemwiva.

"Muulize mke wangu," anamwambia. "Shokapu ni kazi yake. Mimi namsaidia tu."

Kuroiwa hajaelewa, anamtazama yeye, ananitazama mimi. Anakuja upande wangu. Nyuma yake Katsumi ameshika kiuno kwa mikono miwili kama mzee anayeumwa mgongo, waziwazi, mbele ya wote—sijawahi kumwona akifanya hivyo hata nyumbani.

Mama anasema nishushe kioo, anataka kusikia vizuri.

Kuroiwa anagonga. Nashusha—