Mvivu wa Asubuhi

Makere, Kasulu

Mjukuu wangu Neema,

Bwakeye. Sisi wazima, mama yako anavuna maharage. Unauliza kama katika ukoo wetu yupo mwingine aliyeugua huo ugonjwa wa kukakamaa mgongo aliokuambia daktari.

Nadhani kaka yangu Yohana. Asubuhi mgongo ulimkaza, hainuki mpaka avutwe. Ikifika saa tano ametupita wote kwa jembe. Tukasema anajifanya. Hatukujua kuna maumivu yanayozidi ukilala, yakapungua ukijongea.

Meza dawa zako, na yale mazoezi usiyaache. Yohana tulimzika bila yeye kulijua jina la ugonjwa wake. Alijua tu lile nililomwita kila asubuhi, badala ya kumwamkia bwakeye: mvivu.

Bibi yako